Kuzama kwa foku wakati wa kushika breki: jibu kwa msomaji wa Kapchorwa

Swali: Mimi ni afisa ugani hapa Kapchorwa, mashariki mwa Uganda. Pikipiki yangu ni ya cc 150, ina breki ya diski mbele, foku (ile miguu miwili yenye springi na oili inayoshika gurudumu la mbele) za kawaida zisizo na skrubu za kurekebishia, na shokapu mbili nyuma. Imeshatembea zaidi ya kilomita 40,000. Nikiteremka kupitia Sipi kuelekea Mbale nikiwa nimempakia mwenzangu, kila nikishika breki ya mbele pua inazama mpaka chini kabisa, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi na unatikisika. Kwenye barabara za changarawe gurudumu la mbele linarukaruka badala ya kushika. Fundi wangu amenishauri nitie oili ya injini ya 20W-50 ndani ya foku ili ziwe ngumu. Mwingine ananiambia niende soko la Kisekka, Kampala, nikanunue foku za pikipiki kubwa. Nimsikilize nani?

Jibu: Ndugu yangu, nakuomba usitie oili ya 20W-50, na fedha za Kisekka uzihifadhi kwanza. Fundi wako hana nia mbaya, na ni kweli kwamba oili nzito huifanya foku ionekane ngumu ukiibonyeza pikipiki ikiwa imesimama. Lakini ndani ya foku kuna kazi mbili zinazofanywa na vitu viwili tofauti: springi hubeba uzito, nayo oili hupunguza kasi ya springi kubanwa na kasi yake ya kurudi. Oili haibebi uzito hata kidogo. Foku isiyo na springi, hata uijaze oili nzito namna gani, itashuka mpaka chini. Itachelewa tu kufika. Dalili ulizoeleza zinaelekeza kwenye springi zilizochoka, na huenda kuna hitilafu nyingine kwenye usukani ambayo nitaigusia.

Kuzama kwenyewe si ugonjwa. Unaposhika breki, uzito wa pikipiki na wa waliopanda huhamia mbele, na kiasi kinachohama hutegemea nguvu ya breki, urefu wa kitovu cha uzito kutoka ardhini, na umbali kati ya magurudumu mawili. Ugumu wa springi haubadilishi kiasi hicho kwa namna ya kuhesabika; huamua tu foku itashuka milimita ngapi ili kukibeba. Kuhama huko kwa uzito ndiko kunakolikandamiza tairi la mbele barabarani na kulipa nguvu ya kushika. Kwa hiyo tusitafute foku isiyozama. Tunatafuta foku inayozama kwa utaratibu, inayofika mahali ikasimama, na ambayo bado ina nafasi ya kumeza shimo ikiwa imezama vilevile.

Tuchukue hesabu ya kukadiria ya pikipiki kama yako. Tuseme pikipiki na mpandaji mmoja vina kilo 220, kitovu cha uzito kiko sentimita 65 juu ya ardhi, na kati ya ekseli mbili kuna sentimita 130. Ukishika breki kwa uthabiti wa kawaida, ule unaoweza kukusimamisha kutoka kilomita 60 kwa saa ndani ya mita 35 hivi, uzito unaohamia mbele ni kama newtoni 440, yaani mzigo wa kilo 45. Kuna nguvu nyingine ambayo mafundi wengi huisahau. Kwa sababu foku imelala kuelekea nyuma, nguvu ya breki inayolisukuma tairi la mbele kwenda nyuma nayo huibana foku. Ikiwa breki ya mbele inafanya robo tatu ya kazi, msukumo huo ni kama newtoni 300. Ukijumlisha sehemu ya uzito uliohama inayoelekea kwenye mstari wa foku, foku mbili zinapokea karibu newtoni 690 juu ya mzigo wake wa kawaida. Springi moja ya foku katika pikipiki nyingi za barabarani huwa na ugumu wa newtoni 5 hadi 10 kwa milimita; tukichukua 7, zote mbili ni 14, na foku itazama takriban milimita 50 kwa breki hiyo peke yake.

Sasa tuchukulie kwamba nafasi yote ya kuzama ni milimita 125, na kwamba ukikaa tu juu ya pikipiki foku imeshashuka milimita 40. Jumlisha 50 za breki, unapata 90, zinabaki 35 za kumezea mashimo. Kwenye mteremko wa asilimia 10 mambo hubadilika. Mteremko wenyewe hupeleka mbele kama kilo 11 kabla hujagusa breki, na breki nayo lazima ifanye kazi zaidi ili kukusimamisha kwa umbali uleule, hivyo foku hushuka milimita 12 nyingine na zinabaki 23. Hadi hapo bado uko salama. Lakini springi zikiwa zimefupika kwa umri na mzigo, kiasi kwamba ukikaa tu foku inashuka milimita 60 badala ya 40, zinabaki milimita 3. Shimo dogo tu linatosha kugonganisha chuma kwa chuma, gurudumu linakosa pa kwenda, na tairi linaruka. Hesabu hiyo ni ya mtu mmoja. Wewe unampakia mwenzako. Nimeiacha pembeni hewa iliyofungiwa ndani ya foku, ambayo husaidia kidogo mwishoni, na nitairudia.

Huo wepesi wa usukani unaouona nao una chanzo chake. Foku ikizama huku nyuma ya pikipiki ikiinuka, pembe ya usukani husimama zaidi, na umbali kati ya mahali mstari wa usukani unapokutana na ardhi na mahali tairi linapogusa ardhi hupungua. Katika pikipiki yenye pembe ya nyuzi 27, foku ikishuka milimita 60 na nyuma ikiinuka nusu ya hapo, pembe hubaki karibu nyuzi 23 na umbali huo hushuka kutoka kama milimita 90 hadi karibu 70. Umbali huo ndio unaoufanya usukani ujinyooshe wenyewe. Ukipungua kidogo, pikipiki huingia konani kwa urahisi, jambo zuri. Ukipungua mno, usukani hauna tena kitu cha kuutuliza, hasa tairi linapopita juu ya mawe.

Turudi kwenye oili. Foku za aina yako hupitisha oili katika matundu yaliyotobolewa kwenye bomba la ndani, na upinzani wa tundu haupandi sawasawa na kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, upinzani huongezeka karibu mara nne. Foku inapozama kwa breki huenda polepole, kwa hiyo matundu hayaizuii sana. Tairi linapogonga jiwe, foku hukimbia kwa kasi kubwa, na matundu huwa kama yamezibwa. Oili nyingi za foku za 10W zina mnato, yaani ugumu wa kutiririka, wa takriban senti-stoksi (kipimo cha mnato) 30 hadi 45 katika joto la nyuzi 40, ilhali 20W-50 huwa na zaidi ya 150. Ukiitia hiyo, breki inayodumu sekunde nne itachelewesha kuzama kwa muda mfupi tu, kisha foku itafika kilekile kina ilichokuwa ikifika. Kwenye jiwe, kwa upande mwingine, foku itakuwa ngumu kama gongo. Baya zaidi ni upande wa kurudi. Kwenye barabara ya changarawe yenye vijituta mfululizo, foku hubanwa na kila kijituta na huhitaji kurudi kabla ya kinachofuata. Oili nzito haiipi muda, hivyo inashuka hatua kwa hatua mpaka ikae chini na isirudi, na gurudumu linaanza kurukaruka. Hilo ndilo unalolalamikia tayari, na 20W-50 ingelizidisha, tena asubuhi za baridi huko Kapchorwa kuliko saa nyingine yoyote.

Jambo hili wakubwa wa viwanda walilijaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watengenezaji wa Japani, Suzuki na Honda wakiwamo, waliuza pikipiki zenye vifaa vya kuzuia kuzama. Katika zile za Suzuki, shinikizo la mafuta ya breki lilibana njia ya oili ndani ya foku kila mkono wa breki ulipovutwa. Kwenye lami laini vilifanya kazi, lakini kwenye barabara mbovu foku ilikuwa ngumu wakati uleule ilipohitajika kuwa laini, na kabla muongo kwisha vifaa hivyo vilikuwa vimeachwa kwenye pikipiki nyingi. BMW ilipoleta mfumo wake wa Telelever mwaka 1993, ilipunguza kuzama kwa kubadilisha umbo la mikono inayoshika gurudumu, na si kwa kuibana oili.

Kabla ya kufungua foku, hakikisha tatizo liko huko. Weka pikipiki kwenye stendi ya kati, nyanyua gurudumu la mbele, shika miguu ya foku kwa chini na uivute mbele na nyuma. Ukihisi inagonga au ina mchezo, gololi za usukani zimelegea au vikombe vyake vimelika. Kisha geuza usukani polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukikwama kidogo katikati kabisa, vikombe vimechimbika na havirekebishiki, ni vya kubadilisha. Kutikisika kwa usukani wakati wa breki mara nyingi huanzia hapa. Lakini ikiwa mtikisiko unausikia kwenye mkono wa breki kama mapigo yanayofuata mzunguko wa gurudumu, basi diski imepinda, na hakuna springi itakayoliponya hilo. Angalia pia upepo wa tairi la mbele, ambao kwa pikipiki nyingi za aina yako ni karibu psi 25, uhakikishe kwenye kibandiko cha pikipiki. Pikipiki ikiwa imewahi kuanguka, legeza ekseli na bolti za chini, bonyeza foku mara kadhaa ili zijipange, kisha kaza ekseli kwanza; foku zilizojisokota hukwama na kuteleza kwa vishindo.

Gololi zikiwa sawa, pima springi. Chukua kamba ya plastiki ya kubania nyaya, ifunge kwenye bomba linalong'aa la foku kwa kubana kiasi cha kuweza kuisogeza kwa kidole. Kamba hiyo ndiyo geji yako ya jaribio la mwisho. Haigharimu chochote na haisemi uongo. Gurudumu likiwa limenyanyuliwa na foku imenyooka kabisa, pima urefu wa bomba linaloonekana kutoka sili (mpira unaozuia oili isivuje) mpaka kwenye kibano cha chini kinachoshika foku. Kisha shusha pikipiki, kaa juu yake ukiwa na nguo na begi unalobeba kazini, miguu juu ya vikanyagio, mtu akikushikilia kwa nyuma. Mwenzako abonyeze usukani na kuuachia taratibu, apime. Halafu auinue kidogo na kuuachia taratibu, apime tena. Vipimo viwili havitalingana kwa sababu ya msuguano wa sili, kwa hiyo chukua wastani. Tofauti kati ya wastani huo na kipimo cha kwanza ndiyo milimita ambazo uzito umeishusha foku. Kwa barabara za kawaida inafaa iwe kama asilimia 30 hadi 35 ya nafasi yote. Kwa foku ya milimita 125 ni kati ya 38 na 44. Ukipata 55 au 60, umempata mhalifu.

Dawa ya kwanza ni kipande cha bomba juu ya springi, pamoja na washa bapa ya chuma ili springi isiile plastiki. Bomba gumu la PVC la maji linatosha, likikatwa pande zote kwa unyoofu. Ukiongeza milimita 15 au 20, foku itakaa juu zaidi kwa kiasi hichohicho, na milimita hizo utazikuta zimerudi chini, mahali ulipokuwa umezikosa. Elewa kwamba kipande hiki hakiifanyi springi kuwa ngumu zaidi. Kinairudisha tu ilipokuwa. Ongeza kwa hatua ndogo, upime tena kila mara, na usizidishe mpaka foku ikawa inagonga juu ikinyooka, kwa maana foku isiyoweza kushuka kwa uzito wa mpandaji pia haiwezi kulifuata tairi likiingia shimoni. Unapofungua kifuniko cha juu, pikipiki iwe imeegemezwa imara na mbele imenyanyuliwa, na uso wako usiwe juu ya kifuniko: springi imebanwa na inaweza kukirusha.

Ikiwa mzamo wa kukaa umekuwa sawa lakini breki kali bado inaifikisha foku chini, springi ni laini kwa mzigo wako na unahitaji ngumu zaidi. Ugumu wa springi huenda kinyume na idadi ya mizunguko yake inayofanya kazi. Ukiondoa sehemu moja ya kumi ya mizunguko, ugumu huongezeka kwa karibu asilimia 11, na pengo hujazwa kwa bomba refu zaidi. Wapo mafundi wanaoikata springi kwa jiwe la kusaga na kazi ikawa nzuri, lakini mimi ningekwambia ununue springi nyingine kwanza, kwa sababu kipande kilichokatwa hakirudi, na springi yenye mizunguko michache mno huweza kubanana mpaka ikawa chuma kimoja kabla foku haijamaliza kushuka.

Ukiwa umefungua, badilisha oili yote. Kwa kilomita ulizotembea itatoka ya kijivu na yenye unga wa chuma, na oili hiyo haifanyi kazi tena. Tumia oili ya foku ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, mara nyingi 10W, na ukitaka kurudi kwa foku kutulie zaidi ukiwa na abiria, panda mpaka 15W na usiende mbali zaidi. Usichanganye kampuni mbili, kwa kuwa 10W ya kampuni moja yaweza kuwa na mnato wa 15W ya nyingine.

Hapa ndipo hewa niliyoiacha inapoingia. Juu ya oili kuna hewa iliyofungwa, na foku inaposhuka hewa hiyo hubanwa ikawa springi ya tatu, laini mwanzoni na ngumu mwishoni. Kipimo chake huchukuliwa springi ikiwa nje na foku imebanwa mpaka mwisho: umbali kutoka mdomo wa bomba hadi uso wa oili. Tuseme ni milimita 150. Ukiupunguza hadi 130 kwa kuongeza oili kidogo, mwanzo wa kuzama hutahisi tofauti, lakini mwishoni kabisa msukumo wa hewa utapanda kwa takriban asilimia 15. Kwa mtu anayeshuka mlima na abiria, mimi nalipenda rekebisho hili kuliko jingine lolote, kwa sababu linaimarisha foku pale tu inapokaribia kuishiwa na linaiacha laini kwenye changarawe. Nenda kwa milimita 5 hadi 10 kwa wakati mmoja, foku zote mbili zilingane, na usipite hapo kwa pupa, maana hewa iliyobanwa kupita kiasi hutoboa sili.

Usiisahau nyuma. Shokapu za nyuma zilizoishiwa oili huachia springi iruke, na unaposhika breki mkia unapaa na kuutupia mbele uzito kwa ghafla. Bonyeza kiti kwa nguvu na ukiachie. Kikipanda na kushuka zaidi ya mara moja, shokapu zimekwisha. Ukiwa na abiria, zungusha pete zinazobana springi za shokapu zote mbili kwenye kiwango kimoja cha juu zaidi, ili pikipiki isikae imelala nyuma halafu breki ikautupa mzigo wote mbele kwa mkupuo.

Jaribio lifanyie kwenye lami tambarare isiyo na magari. Sogeza kamba ya plastiki mpaka kwenye sili, shika breki kwa nguvu zote ambazo tairi linakubali, kisha usome ilipoachwa. Zikibaki milimita 10 hadi 15 kabla ya mwisho, foku iko mahali pake. Badilisha kitu kimoja tu kila jaribio na uandike. Mkono wako nao ni sehemu ya mpangilio: gusa breki ya nyuma kwanza, kwani huuzuia mkia usipae, kisha kamua ya mbele kwa kuongeza polepole, ili foku ianze kushuka na tairi lipate uzito kabla hujaomba nguvu yote.

Kuhusu foku za pikipiki kubwa, sikushauri. Springi zake zimepangiwa pikipiki nzito kuliko yako na zitakuwa ngumu kwenye changarawe. Urefu wake ukitofautiana, pembe ya usukani hubadilika. Na vibano vyake, ambavyo lazima uje navyo, huweza kuisogeza ekseli mbele au nyuma na kuuharibu ule umbali unaoutuliza usukani. Kisha utahangaika na gololi za saizi nyingine, ekseli, na kishikio cha breki kisicholingana na diski yako. Ukienda Kisekka, nunua springi na sili mpya za foku ulizonazo, vikombe na gololi za usukani, na ile mipira ya kukunjamana inayofunika bomba la foku, kwa maana vumbi la barabara zenu ndilo linaloua sili kabla ya wakati wake.